Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Bakuli lile lilikaa pembeni mwa jiko la Mwalimu kutoka Jumapili baada ya ibada hadi Jumatano asubuhi. Lilikuwa na maziwa yaliyochemshwa, yakapozwa, yakatiwa mbegu ya mtindi na kufunikwa kwa sahani. Hayakuganda. Hayakuchacha wala kunuka. Ukiyaonja yalikuwa matamu kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Bakuli la pili, lililokaa ubavuni mwake na kutiwa mbegu ileile, liliganda usiku wa kwanza, na Mwalimu akalila Jumatatu kwa ndizi za kuchemsha.

Watu walipoonyeshwa lile bakuli la kwanza, walilisifu. Walisema hayo ndiyo maziwa, yanakaa siku zote hizo na hayaharibiki. Sifa hizo ndizo zilizomkasirisha Mwalimu, na kila nikizikumbuka nakasirika mimi pia, kwa sababu katika siku hizohizo, hapohapo Msasani yetu ya Tukuyu, si ile ya Dar es Salaam, mwanamke mmoja alikuwa anavuliwa jina lake jema kwa ajili ya maziwa hayohayo.

Lakini nianze na Mwalimu mwenyewe, maana bila kumjua yeye, kisa cha bakuli kitaonekana ugomvi wa majirani tu.

Ninamwita Mwalimu kwa kuwa mtaa mzima ulimwita hivyo, hata watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa lake. Alifundisha baiolojia katika sekondari moja ya wilaya yetu mpaka akastaafu, nami nilikuwa mwanafunzi wake miaka mingi kabla ya kuwa jirani yake. Sisi wanafunzi tulikuwa na jina letu la siri, Madam Kuni. Nadhani alilijua. Hakuna kilichosemwa chini ya madawati ambacho hakikumfikia.

Jina hilo lilitokana na siku aliyoingia darasani amebeba gogo la mkaratusi begani na shoka mkononi. Aliliangusha gogo mbele ya ubao, vumbi likaruka.

"Nani ataniwekea hili chini ya sufuria ya chai?" aliuliza.

Tulicheka. Kijana mmoja kutoka kijiji cha Kinyala aliyependa kujibu akasema, "Halitaingia mafigani, Madam."

"Kwa nini? Si kuni?"

"Ni kuni, ila ni zima."

"Umesema vizuri. Kaa." Akanyanyua shoka na kulipasua gogo lile palepale, juu ya sakafu ya saruji, mpaka mkuu wa shule akaja mbio kuona nani anabomoa jengo. Mwalimu hakumtazama. Aliinua kipande kimoja chembamba cha kuni. "Sukari ni gogo. Lina moto ndani yake, lakini huwezi kulitumia lilivyo. Chembe hai yoyote, ya kwako, ya mgomba, ya kijidudu usichokiona, kazi yake ya kwanza ni kupasua. Vipande hivi vinavyoingia jikoni sasa hivi ndivyo ATP. Chembe haiishi kwa magogo. Inaishi kwa vipande."

Mkuu wa shule alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akaondoka. Sakafu ile ina alama ya shoka hadi leo.

Somo lililofuata alituambia lile ambalo nililielewa vizuri baadaye sana, jikoni kwake. Mwenye hewa na vyombo kamili vya kuitumia, kama sisi, hulipasua gogo moja la sukari mpaka likatoa vipande thelathini hivi. Bakteria wa mtindi hana vyombo hivyo. Yeye hupata faida ya vipande viwili tu, na sehemu kubwa ya gogo huitupa nje ikiwa bado na moto wake. Hicho kinachotupwa ndicho uchachu. "Kwa sababu faida yake ni ndogo," alisema, "inambidi apasue magogo mengi mno ili aishi. Ndiyo maana bakuli zima linachacha kwa usiku mmoja. Uchachu ni taka za mtu maskini anayefanya kazi sana."

Mtu wa namna hiyo hakuweza kuona kitu kinabadilika akakipita. Alikuwa na swali moja aliloliuliza kila mahali: "Nani anakula hapo?" Lundo la samadi likifuka mvuke asubuhi ya baridi, angesimama na kuuliza nani anakula hapo. Unga wa mkate ukiumuka, ndizi zikinuka tamu kupita kiasi, shimo la choo likitoa mapovu, swali lilikuwa hilohilo. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni utani. Baadaye nilitambua kwamba anataka jibu, na kwamba ukijibu ovyo atakushusha mbele za watu.

Jirani yake wa upande wa chini alikuwa bibi mmoja mpika kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa na hakuonja kileo maisha yake yote. Hata hivyo, kila bibi yule alipokuwa na chungu kinachochemka chenyewe bila moto, Mwalimu alishuka kwa kufuata sauti, akapiga magoti na kuinamisha sikio juu ya mdomo wa chungu.

"Mugonile, Mwalimu," bibi alikuwa akimsalimu kwa Kinyakyusa, kisha anageukia Kiswahili chake ili wote tusikie. "Leo umekuja kuonja?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Sikiliza tu, mama. Wewe wa kanisani usikilize, sisi wa motoni tutakunywa."

"Hawa wako wanafanya kazi vizuri."

"Ndaga fijo, asante sana. Mchungaji naye angekuja kusikiliza, ningefurahi."

Wazee wenzake wa kanisa walimsema kwa hilo. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba haipendezi mama mwenye heshima kuonekana amepigia magoti pombe. Alijibu kwamba Mungu aliumba chachu kabla ya kuumba wazee wa kanisa. Aliendelea kushuka.

Alikuwa na ng'ombe mmoja, jike la kisasa lenye madoadoa meusi, ambalo alilitunza kuliko alivyojitunza. Aliwahi kuliweka sikio langu kwenye ubavu wa kushoto wa ng'ombe huyo, nikasikia ngurumo ndefu kama jiwe linaloviringishwa mbali. "Ng'ombe hajui kumeng'enya majani," alisema. "Anafuga wanaojua. Humo ndani kuna vijidudu vinavyopasua majani, vinabaki na vipande vyao na kumwachia ng'ombe taka. Hizo taka ndizo anazoishi kwazo. Sisi tunafuga ng'ombe, na ng'ombe naye ni mfugaji."

Ng'ombe huyo alipopata ugonjwa wa kiwele, mganga wa mifugo alimwekea dawa chuchuni na kumwambia Mwalimu asiuze maziwa mpaka dawa iishe mwilini. Watu wengi huambiwa hivyo, wakaitikia, wakauza kesho yake. Mwalimu alikamua asubuhi na jioni kama kawaida na kuyabeba maziwa hadi kwenye shimo nyuma ya migomba, akayamwaga yote. Hakumpa hata mbwa. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda sokoni waliona.

"Anamwagia migomba maziwa," mmoja alisema kwa sauti ya kusikiwa, "na watoto wa watu wanakunywa chai ya rangi."

"Pensheni hiyo, dada. Inanywewa na migomba."

Mwalimu aliwasikia na hakujibu. Pengine angejibu, mambo yaliyokuja baadaye yangekuwa mepesi. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyezoea kueleza akiwa amesimama mbele ya ubao, na barabarani hakuwa na ubao.

Sitampamba. Alikuwa mkali kupita inavyohitajika. Alimliza mwalimu mwenzake kijana kwa sababu ya mchoro wa figo. Na mtu huyohuyo aliyewafukuza watoto wa jirani dukani wasinunue vidonge vya rangi mbili bila cheti cha daktari, nilimkuta siku moja akivimeza yeye kwa ajili ya kikohozi, kutoka kwenye kikaratasi kisicho na jina. Nilimuuliza cheti kiko wapi.

"Mimi najua ninachofanya," alisema.

Lilikuwa jibu lilelile alilowakataza wengine. Kikohozi kilipopungua aliviacha vilivyobaki kwenye kabati, ingawa alitufundisha kwamba dawa isiyomaliziwa huwafundisha wadudu kuizoea. Nilikasirika, nikamwambia. Aliniuliza kama nimekuja kunywa chai au kusahihisha.

Sasa nirudi kwenye bakuli.

Mama Tumpe alikuwa muuza mtindi. Alipoolewa alihamia Msasani kutoka kwao Nkunga, na mume wake alipofariki alibaki na watoto na ndoo zake. Kila asubuhi alinunua maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kilicho karibu nasi, akayachemsha, akayagandisha, na kesho yake akayapeleka kwenye vibanda vya chakula na nyumba chache zilizomzoea. Akina mama wa kanisani kwetu walichukua mtindi wake kila walipokuwa na wageni. Mtindi wake ulikuwa mzito, unakatika kwa kijiko. Watu walikuwa wakisema ana mkono.

Kisha mtindi ukaacha kuganda. Mara ya kwanza alidhani ni baridi, maana mvua za Tukuyu zikishika hata maji ya kunywa yanauma meno. Akaziweka ndoo karibu na moto. Mara ya pili akabadilisha mbegu. Mara ya tatu akapeleka hivyohivyo, kwa kuwa watoto walikuwa wanataka kula, na mwenye kibanda akamrudishia ndoo mbele ya wateja.

"Mama Tumpe, hiki nini? Umetuletea maji ya kuoshea ndoo?"

Neno likatembea. Wengine walisema hasafishi vyombo. Wengine, wale wanaojiona waungwana, walisema wanamhurumia, lakini mjane ambaye hajakaa vizuri msiba wake hawezi kugandisha maziwa, mkono umeingia mkosi. Walisema hayo wakitoka ibadani, wakiwa na vitabu vya nyimbo mikononi. Kabla ya kikao kilichofuata cha akina mama, kazi ya mtindi ilikuwa imepewa mtu mwingine, na hakuna aliyekwenda kumwambia. Alijua alipofika na ndoo zake akakuta nyingine zimeshapangwa mezani.

Kituoni alilalamika. Mwenyekiti wa kituo, bwana mpole wa maneno, alimwonyesha vipimo. Maziwa yalipimwa kama yametiwa maji, hayakuwa na maji. Yalipimwa kwa spiriti kuona kama yameanza kuharibika, hayakukatika. "Unaona mwenyewe, mama yangu," alisema. "Maziwa yetu yamefaulu yote. Kaangalie vyombo vyako." Wafugaji waliokuwa wamepanga foleni walitazama ndoo zake, si uso wake.

Mwalimu alizipata habari hizi kwenye ngazi za kanisa, Jumapili ileile ya bakuli. Nilikuwa nimesimama karibu. Mama mmoja wa kwaya alikuwa akisimulia habari ya mkosi, na Mwalimu akamkatiza.

"Hayagandi kabisa, au yanaganda vibaya?"

"Hayagandi, Mwalimu. Yanakaa tu."

"Yananuka?"

"Hata. Yanakaa matamu."

"Kwa hiyo mkono mchafu umefanya maziwa yakae bila kuharibika." Alimtazama yule mama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyenakili jibu bila kunakili swali. "Uchafu ni wadudu wengi. Wadudu wengi wangeyachachusha, yangenuka, yangevimba. Hapa hakuna anayekula. Nani amekatazwa kula?"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Tumpe akiwa na nguo zake za ibada, nami nikamfuata. Alimkuta uani anasugua ndoo kwa majivu na mchanga. Ndoo zilikuwa zimesuguliwa mpaka rangi imetoka.

"Acha kusugua," Mwalimu alimwambia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nasugua, maana wanasema..."

"Marahaba. Nimesikia wanavyosema. Nipe maziwa ya leo ya kituoni, kikombe kimoja tu. Na kijiko cha mbegu yako."

Mama Tumpe alimpa. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa majivu. Alimwuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kama ni mimi kweli, utaniambia? Usinifiche. Nitarudi Nkunga."

"Kama ni wewe nitakwambia," Mwalimu alisema, na najua angemwambia.

Alichokifanya jikoni kwake kilikuwa rahisi, na hasira yangu inatokana na urahisi huo, kwa kuwa mtu yeyote angeweza kukifanya. Alichukua maziwa ya ng'ombe wake, akayatia mbegu ya Mama Tumpe. Alichukua maziwa ya kituo, akayatia mbegu ya Mama Tumpe vilevile. Mbegu ilikuwa moja, jiko moja, moto mmoja. Kilichotofautiana ni maziwa. Yale ya ng'ombe wake yaliganda mazito, yakakatika kwa kijiko. Ya kituo yalikaa hadi Jumatano kama nilivyoeleza. Mbegu ya Mama Tumpe ilikuwa hai, na mkono wake haukuwa na kosa.

"Kuna mtu amechoma ng'ombe sindano, au amemtia dawa chuchuni, na hakungoja," Mwalimu alisema akiwa ameegemea meza. "Penisilini haimzuii bakteria kula. Inamzuia kujenga ukuta wake. Anakula, anakua, ukuta hautoshi, anapasuka. Mbegu ya yule mama imekufa ndani ya maziwa ya kituo, na wao wanazika jina lake."

Jumatano kulikuwa na mkutano wa wafugaji kituoni. Mwalimu alikuja na mabakuli yote mawili kwenye kikapu, lile la ng'ombe wake likiwa limegandishwa upya. Mama Tumpe alikuja pia, akasimama nyuma karibu na mlango. Mwalimu alieleza vizuri, bila gogo wala shoka. Akayapitisha mabakuli.

Hapo ndipo sifa zilipoanza. Mzee mmoja alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Matamu. Tangu Jumapili?"

"Tangu Jumapili."

"Na jokofu hakuna? Basi haya ndiyo ya kupeleka Mbeya mjini. Hayatafia njiani."

Watu wakacheka, na Mwenyekiti akapata upenyo. "Mwalimu, wewe ni mama yetu, umetufundishia watoto. Lakini duniani kote maziwa yasiyoharibika ndiyo maziwa bora. Unataka tuyakatae kwa kuwa ni mazuri?"

"Maiti iliyochomwa dawa nayo haiharibiki, Mwenyekiti. Mbona hatuipeleki Mbeya kuuza?"

Mwalimu akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya darasani. "Dawa iliyoua mbegu hii inaingia kwenye uji wa watoto wenu. Inaingia kidogokidogo, kila siku, na wadudu wa tumboni mwao wanajifunza kuizoea. Siku mtoto akiugua kweli, mtampa dawa hiyohiyo na haitamsaidia. Siombi mashine. Naomba kila keni ya maziwa inayoletwa hapa itolewe kikombe, kitiwe mbegu, kiwekwe pa joto. Kisipoganda, tujue keni ya nani. Na naomba leo, hapa, mmwambie Mama Tumpe kwamba si yeye."

Wote waligeuka kumtazama Mama Tumpe. Alikuwa ameinama.

Mwenyekiti alikubali nusu. Alisema kuhusu Mama Tumpe tungoje tupate ukweli kwanza, lakini kipimo cha vikombe kitafanyika kesho, mara moja, ili Mwalimu aridhike. Kilifanyika. Vikombe vilipangwa kwenye rafu juu ya jiko la mpishi wa kituo, kila kimoja na alama ya keni yake, na Ijumaa asubuhi vyote vilikuwa vimeganda isipokuwa kimoja.

Kikombe hicho kilikuwa cha keni ya bodaboda anayekusanya maziwa upande wetu. Hukusanya kwenye nyumba nne na kuyamimina pamoja. Moja ya nyumba hizo ni ya dada yake Mwenyekiti. Nyingine mbili ni za watu wa kawaida, mkulima wa chai na fundi cherehani ambaye babu yake alitoka pwani. Ya nne ni ya Mwalimu.

Mtu wa nyuma alipaza sauti. "Kumbe tumetafuta ng'ombe mbali."

"Si yeye aliyekuwa anamwagia migomba?" mwingine aliuliza. "Alijua kwa nini anamwaga."

Yaani mwanamke pekee ambaye mtaa mzima ulimwona akimwaga maziwa yenye dawa ndiye aliyeshukiwa kuyauza. Kumwaga kwake kukawa ushahidi dhidi yake. Nimesikia mambo mengi ya kipumbavu katika kazi yangu ya kuandika habari, lakini hilo naliweka juu.

Mwalimu hakupandisha sauti. "Vizuri. Tuanze na mimi. Jioni hii mje mkamue wenyewe, mgandishe wenyewe. Kisha twende nyumba ya pili, ya tatu na ya nne."

Walikuja kwake, wakakamua, na maziwa yakaganda. Nyumba ya pili, ya fundi cherehani, walikuta mlango umefungwa. Mkulima wa chai alisema ng'ombe wake si mtuhumiwa wa kukamuliwa na polisi. Dada yake Mwenyekiti alisema atauliza kaka yake kwanza, na kaka yake akasema tusigawanye jamii. Wiki iliyofuata keni ile ikapimwa tena na ikaganda vizuri, maana dawa nayo huisha mwilini mwa ng'ombe, na Mwenyekiti akatangaza kwamba tatizo limekwisha. Vikombe vikatolewa kwenye rafu. Kuhusu Mama Tumpe hakutangaza chochote. Alisema hakuna haja tena, kwa kuwa yameshapita.

Yalipita kwake yeye. Vibanda havikurudi kwa Mama Tumpe. Mwenye kibanda kimoja aliniambia, bila aibu, kwamba anaamini habari ya dawa kabisa, ila wateja wake wameshazoea kusikia lile lingine. Akina mama wa kanisani walisema watamkaribisha tena siku wakipata nafasi. Sasa anauza parachichi pembeni mwa soko, akiwa ameketi juu ya ndoo ya mtindi aliyoigeuza. Hakurudi Nkunga na watoto wake, lakini ndoo zile nyingine aliziuza.

Nilimtembelea Mwalimu mvua hizi zilizopita. Macho yake yamepungua, na siku hizi anatambua watu kwa hatua zao. Nilikuwa sijafika mlangoni aliponiita kwa jina, akaniambia nikokote kigoda nikae karibu na jiko. Ng'ombe wa madoadoa alishazeeka na kuuzwa, sasa zizini yupo binti yake. Mwalimu aliniletea bakuli la mtindi na ndizi. Ulikatika kwa kijiko.

"Nani ameugandisha?" niliuliza.

"Unamjua. Anakuja kila jioni akitoka sokoni. Mimi natoa maziwa, yeye anatoa mkono."

"Mnauza?"

"Tunakula. Na Jumapili nabeba bakuli hadi kanisani, nakula pale kwenye ngazi wakitoka. Wananipita, wananisalimu." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Watu wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mchungaji ameniuliza kama nyumbani nina shida ya chakula."

Mama Tumpe aliingia wakati tunazungumza, akatua kapu la parachichi zilizobaki, akanisalimu na kunawa mikono kwenye beseni kwa muda mrefu. Alisugua mpaka kwenye viwiko. Mwalimu aligeuzia uso sauti ya maji.

"Imetosha, mwanangu. Ilishatakata."

"Naona kama bado, Mwalimu."

Alichemsha maziwa, akayangojea yapoe, akatia mbegu na kufunika kwa sahani. Mwalimu alimngoja amalize, kisha akaniuliza lile analoniuliza kila nikienda, kwa kuwa mimi ndiye ninayehudhuria mikutano ya kituo na kuandika habari zake.

"Wamesema kwamba si yeye?"

"Bado."

"Hata kwa mdomo? Hata mmoja?"

"Bado, Mwalimu."

Alitikisa kichwa na kulinyoosha bakuli lake lijazwe tena. Asubuhi yake nilipita kituoni. Bodaboda wa upande wetu alikuwa anamimina keni yake kwenye tangi. Maziwa yalikuwa yamepimwa maji na spiriti, yakafaulu. Mwalimu hapeleki tena maziwa yake, lakini zile nyumba tatu nyingine bado zinachangia keni ile, na kati yake ipo moja iliyochoma ng'ombe dawa na kukamua bila kungoja. Ni ipi, hakuna aliyesema.